Mke wangu anaoga saa nane za usiku, je, ana mtu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 54, naishi Morogoro. Mke wangu ana miaka 49, tuna watoto wanne. Tangu mwaka jana amebadilika. Usiku anatupa shuka, anafungua dirisha, saa nane anaamka kuoga. Sasa amehamia sebuleni, analala mkekani. Nikimgusa anasema anaumia. Anasahau mambo, anafoka kwa kitu kidogo. Amepimwa malaria mara tatu, hana. Dada yangu anasema ana mtu nje. Nami nimechoka, nimeanza kupata faraja kwingine. Nimwache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulala peke yako. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na anayenihuzunisha humo ni mkeo.

Mwanamke mwenye mtu nje haogi usiku wa manane nyumbani kwake kisha akajilaza sakafuni. Huyo anatafuta ubaridi. Umeeleza kila kitu isipokuwa siku zake. Mmezaa watoto wanne na hukuuliza?

Kati ya miaka 45 na 55, wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi. Vifuko vya mayai vinachoka, homoni ya estrojeni inapungua. Hedhi inaruka mwezi, inarudi nzito, inapotea tena. Ikipita miezi 12 mfululizo bila damu, ndipo husemwa amekoma. Mateso, hata hivyo, huweza kuanza miaka kadhaa kabla, na kabla ya huo ukomo mimba bado inaweza kuingia.

Joto lile si la malaria. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni hadi usoni, moyo unakwenda mbio, jasho linatiririka, kisha baridi. Mimi lilinikuta kwenye kikao cha harusi nimeshika daftari la michango. Jasho lilidondokea majina ya watu mpaka wino ukachuruzika. Nikatoka nje kama niliyepigiwa simu. Sikumwambia mtu, hata marehemu mume wangu, kwa kuwa mama yangu naye hakuwahi kuniambia.

Anaposema anaumia, anaumia kweli. Estrojeni ikipungua, uke hukauka na ngozi yake huwa nyembamba. Kumbembeleza kwa nguvu ni kumtesa. Duka la dawa lina vilainishi vya maji, na daktari ana tiba zaidi. Kusahau na kufoka navyo vimo humo humo. Nani halali mwaka mzima akabaki mpole?

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Tunajua namba ya siri ya simu ya mwenzetu, hatujui kama jana alilala. Dada yako mwambie anyamaze. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake, na umri huo hata yeye utamfikia.

Na ile "faraja kwingine" uliyoificha mwishoni nimeiona. Unayemshtaki ni mkeo, mwenye mtu nje ni wewe. Achana na huyo wa nje wiki hii. Nenda kapime virusi vya UKIMWI, na utumie kondomu mpaka mtaalamu akuhakikishie uko salama, maana ngozi iliyokauka huchanika kirahisi na huyo mama ndiye atakayeumia.

Kisha mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, sio kupimwa malaria mara ya nne. Apimwe presha, sukari na tezi ya shingo, kwani tezi ikizidisha kazi nayo huleta joto na mapigo ya moyo. Zipo dawa za homoni zinazosaidia sana, ila hazimfai kila mwanamke; aliyeugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Na siku atakapokuwa amemaliza mwaka bila hedhi, halafu akaona damu hata tone moja, aende hospitali bila kungoja.

Usimwamuru arudi chumbani. Chukua mto wako na feni, mfuate sebuleni. Akiamka saa nane, amka naye umtekee maji.