Kabla hujagusa ruta ya mteja

Wewe unayeanza ufundi wa intaneti za majumbani, neno la kwanza utakalopokelewa nalo mlangoni ni "Wi-Fi imekufa." Usilichukue kama lilivyo. Kwa mteja, kifurushi kilichoisha ni Wi-Fi imekufa, faiba, yaani waya unaoleta intaneti kwa mwanga, iliyokatika nguzoni ni Wi-Fi imekufa, na simu yake mwenyewe iliyogoma nayo ni Wi-Fi imekufa. Yeye si fundi. Kutenganisha ni kazi yako, na swali la kujiuliza ni moja: shida iko kwenye waya unaoingia nyumbani, au iko kati ya ruta na simu? Ukianza kubonyeza mipangilio kabla hujalijibu, unapiga ramli.

Kwa hiyo uliza. Ni vifaa vyote au kimoja? Inakatika saa ngapi? Umeme ulikatika? Kuna mtu amehamisha kabati au amepaka rangi? Ukishamwamkia mwenye nyumba, zungumza na wanaoshinda pale mchana kutwa, maana ndio wanaojua nani alivuta nini.

Kuna nyumba moja Tabata, intaneti ilikuwa inakatika kila jioni na kurudi asubuhi. Mafundi walikuwa wakifika mchana, wanapima, wanakuta kila kitu safi, wanasainiwa fomu, wanaondoka. Aliyetoa siri ni dada wa kazi, tena bila kujua: "Inaanzaga nikishafunga madirisha, mbu wasiingie." Waya wa faiba ulikuwa umepitishwa kwenye dirisha la alumini, lile la kusukuma. Tukalifunga huku nimeshika kipima mwanga: kutoka -20 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) ikashuka hadi -29, na taa ya LOS, ile ya kuonya kwamba mwanga umepotea, ikaanza kupepesa nyekundu. Tukatoboa ukuta, tukaupitisha waya humo, kesi ikaisha.

Ndani ya ule waya mna uzi wa kioo. Ukikunjwa sana, mwanga unavuja pembeni. LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa, na hapo hata uzime na kuwasha mpaka usiku wa manane haisaidii. Fuata waya, anzia nyuma ya kabati la TV. Usomaji wa kipima ni hasi, na tarakimu inavyozidi kuwa kubwa baada ya alama ya kutoa, ndivyo mwanga unavyozidi kuwa dhaifu. Vifaa vya kawaida vya GPON, mfumo wa faiba za majumbani, vinaanza kushindwa karibu na -27. Ukikuta -26 intaneti ipo, mteja anacheka, lakini usiondoke: safisha konekta (kichwa cha kuunganishia waya), pima tena. Angalia na rangi pia. Konekta ya kijani uso wake umekatwa mshazari kwa digrii 8, ya buluu haukukatwa hivyo. Ukizikutanisha zinaingiana vizuri tu, ila mwanga mwingi unapotelea hapo. Na usichungulie ncha ya faiba hata siku moja. Mwanga wake jicho haliuoni, lakini unaweza kuliumiza.

Mwanga ukiwa mzuri, toa laptopu yako na uichomeke kwenye ruta kwa waya. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa uvivu, wanapima kasi kwa simu wakiwa kwenye kochi, halafu wanabishana na mteja nusu saa. Kwa waya ukipata kasi iliyolipiwa, laini haina kosa. Ikigota kwenye Mbps 100 wakati kifurushi ni kikubwa zaidi, shuku waya wenyewe kwanza: gigabiti (Mbps 1000) inataka jozi zote nne za nyuzi zilizo ndani ya waya, na jozi moja ikikatika mara nyingi kasi inashuka hadi 100. Mweleze mteja pia kwamba Mbps 20 ni kama MB 2.5 kwa sekunde anapopakua faili, kwani wengi wanaona 2.5 na kudhani wameibiwa.

Kama intaneti haipo kabisa, piga ping (amri ya kompyuta ya kuuliza kifaa kingine kama kipo) kwa ngazi: 192.168.1.1 au anwani yoyote ya ruta hiyo, kisha 8.8.8.8 ya Google huko nje, kisha jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likagoma, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Laptopu ikijipa anwani inayoanza na 169.254, basi haijapewa anwani na ruta.

Sasa hewani. Bendi (masafa ya mawimbi ya Wi-Fi) ya GHz 5 ina kasi lakini ukuta wa zege unaimaliza. Ile ya 2.4 inafika mbali ila imejaa. Kwenye ghorofa la kupanga, weka 2.4 kwenye chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Ruta itoke kabatini, ikae juu, mbali na kioo kikubwa na friji. Ripita, vile vifaa vya kupokea Wi-Fi na kuirudia, zinazouzwa madukani mimi sizipendi, na wateja huzichomeka kulekule chumbani ambako mawimbi hayafiki, sasa zirudie nini? Vuta waya, weka kifaa cha pili cha kutoa Wi-Fi. Ni ghali kidogo, lakini hutaitwa tena wiki ijayo.

Angalia adapta pia. Umeme ukirudi kwa kishindo adapta ya ruta inaungua, mtu anachomeka ya king'amuzi kwa sababu tundu linalingana. Volti sawa, ampea pungufu, na ruta inajizima wakiunganika watu watano.

Kile kitundu cha kuriseti kiache kwanza. Ukikichoma kwa sindano unafuta jina na paswedi ya laini, na kama huna kumbukumbu zake umejitengenezea tatizo la pili.

Na kabla hujapanda bodaboda, uliza ofisini kama ni nyumba moja au mtaa mzima. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na nchi jirani. Hakuna ruta ya Sinza ambayo ingetengenezwa ikaiponya hali ile. Siku kama hiyo mpigie mteja, mwambie ukweli, na usimtoze nauli.