Nani ashike sistimu, karani au kijana wa kompyuta?

SWALI: Asalaam aleikum. Tuna kampuni ya boti za abiria na mizigo, Mokowe hadi Lamu mjini na Shela. Kila kitu bado ni daftari, sasa tunataka kuhamia kwa kompyuta na simu, tiketi, mizigo, hadi risiti za eTIMS, zile za kielektroniki za mamlaka ya kodi KRA. Mpwa wangu kamaliza digrii ya kompyuta lakini gatini hajafanya kazi hata siku moja. Karani wetu, mama mmoja, yuko miaka 14, kompyuta ndo anajifunza. Nani aongoze?
Mwenye boti, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mpe huyo mama.

Programu zinanunuliwa, shida iko kwa yale ya kaunta. Mtu kaleta gunia 3 za unga na mtungi wa gesi, kalipa nusu, nusu atatoa mwenye duka mzigo ukifika, karani anaandika mstari mmoja tu kwa daftari na ameelewa, lakini kijana atatengeneza "amelipa" na "hajalipa" basi, na mzigo utalala gatini watu wakigombana. Nimeyaona haya Malindi kwa hoteli niliyofanya kazi, aliletwa mtaalamu kutoka mbali, wa mapokezi hakuulizwa neno, tukawa mchana tunaandika daftari na usiku tunakaa kuingiza yale yale kwa kompyuta. Iliniuma sana.

Mpwa usimuweke kando, unamhitaji kweli, ila awe chini ya karani, na mwezi wa kwanza akae naye kaunta tu asiguse kitu. Mabaharia watamfuata mtu wanayemjua, kumbuka M-Pesa ilipokuja 2007 wengi wetu tulifundishwa na ejenti wa duka la mtaani.

Paswedi zisikae kwa mtu mmoja. Majina na namba za vitambulisho vya abiria zinalindwa na sheria ya data ya 2019, kwa hiyo muamue mapema nani anaruhusiwa kuziona.

Anzeni na Mokowe na mjini, Shela baadaye, na msianze wakati wa Maulidi watu wamejaa. Mkishaanza, wewe mwenyewe ulize hesabu ya kwa sistimu peke yake, maana ukimuita karani pembeni "hebu nitajie za leo" daftari litarudi wiki hiyo hiyo. Na mshahara wake muongeze kuanzia siku unayompa kazi hii, usingoje imalizike.