Kabla hujasema Tanga kuna mafuta

Tangu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, lipangiwe kuishia Chongoleani, hapa Tanga, kila nipitapo watu huniuliza: "Na sisi je, tunayo?" Mafuta ya bomba ni ya Uganda, yanafuata bahari. Lakini swali ni la haki, maana Tanga tuna miamba ya Karoo, yaani tabaka za mashapo ya aina inayoweza kuzaa mafuta, ya zamani kuliko hata mawe ya chokaa ya mapango ya Amboni.

Ukiona utando unaong'aa rangi rangi juu ya maji ya kisima, chukua kijiti uuguse. Ukivunjika vipande vyenye pembe na visirudiane, hiyo ni kazi ya chuma na bakteria. Ukijikunja na kuungana tena, ni mafuta, ingawa huenda ni dizeli ya pampu tu.

Jiwe jeusi nalo lisikubabaishe. Weusi huo ukitokana na mabaki ya mimea ya nchi kavu, tegemea gesi zaidi. Mwani wa ziwani au baharini ndio hasa unaozaa mafuta. Kisha uliza joto. Mafuta huiva takribani kati ya nyuzi 60 na 120 za Selsiasi. Likizidi sana hubaki gesi, halafu hata hiyo hukoma. Karoo imezikwa, ikainuliwa, ikapasuliwa, kwa hiyo mimi swali la joto hulitanguliza kuliko yote.

Sampuli usiokote juu. Jua, mvua na hewa vimeshakula kaboni yake. Chimba mpaka ufikie jiwe bichi, na mikono isiwe na grisi. Maabara ikisema kaboni ya viumbe, yaani ile iliyotokana na mimea na mwani, haifiki asilimia 0.5 ya jiwe, mimi huhamia tabaka jingine.

Uzee wa miamba pekee haunikatishi tamaa. Madagaska, iliyokuwa imeshikana na Afrika Mashariki kabla ya kujitenga enzi za Jura, ina mafuta mazito Tsimiroro na lami Bemolanga, yote ndani ya miamba ya Karoo. Ila uzito huo una maana: mafuta mepesi yalipotea. Ndiyo maana nasisitiza kifuniko kisichovuja, yaani tabaka la juu lisilopitisha mafuta, na mtego, yaani umbo la miamba linaloyakusanya, uliokuwepo kabla mafuta hayajaanza kusafiri. Hayo jiwe la mkononi halikuonyeshi. Yanataka upimaji wa mitetemo inayopelekwa ardhini na kisima cha utafiti.

Basi ndugu yangu, akija mtu na jiwe jeusi akakupandishia bei ya shamba, kumbuka Sheria ya Petroli ya 2015: mafuta yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Anachoweza kukuuzia ni shamba.