Nifundishe vipi ushiriki wa raia bila projekta wala vitabu?

Mwalimu, pole na majukumu. Umesema kidato cha tatu wanakariri sifa za raia mwema halafu wanasahau, na shule haina projekta wala vitabu vya kutosha. Projekta haikuhusu sana hapa. Anza na Katiba ya Tanzania ya 1977, ya Kiswahili. Toa kopi ukurasa wenye Ibara ya 21 tu, inayompa raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu, wasome kwa vikundi.

Kisha fanyeni mkutano mkuu wa kijiji darasani. Kisheria hukutanisha wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo wanafunzi wako wengi wanaukaribia. Mmoja awe mwenyekiti, mwingine mtendaji wa kijiji anayeandika muhtasari, wengine wananchi. Ajenda iwe kitu wanachokijua, mfano pampu ya kisima iliyokufa, na mtendaji asome mapato na matumizi. Mpe mwanafunzi mmoja karatasi yenye risiti isiyolingana na taarifa, usiwaambie wengine. Hapo ndipo utaona nani anathubutu kunyoosha mkono! Walio kimya wape kazi ya kuhesabu kura.

Ukipata nafasi, mwombe mtendaji halisi aje, au wapeleke wakasome ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Mweleze mkuu wa shule mapema, na mambo ya vyama yaache nje ya darasa. Midahalo ya "pesa ni bora kuliko elimu" mimi ningeipumzisha kwanza.