Simamisha huo mtaro, na nondo usizipachike kwenye ukuta wa matumbawe

Mkuu simamisha mafundi leo hii. Umesema nyumba ni ya mawe na chokaa hapo Mji Mkongwe, nyuma mnaongeza ghorofa mbili za zege ziwe stoo ya nyaraka, mtaro wa msingi umeshafika kwenye kona, na injinia wenu kasema mtindue ukuta wa zamani mpachike nondo za slab, yaani sakafu ya zege. Hiyo ndo ilitumaliza sisi.

Tuliambiwa hivyo hivyo na mshauri, anaongea kwa kujiamini, eti ukuta mnene namna hii unabeba chochote. Mnene ndio, ila ukitindua kidogo tu unakutana na vipande vya matumbawe na chokaa inamwagika kama unga, sasa nondo inashika nini hapo? Halafu wakachimba mtaro wote kwa mkupuo, kina kikapita msingi wa zamani ambao ni mawe tu yamepangwa juu ya mchanga, masika ikaingia, mchanga ukawa unachuruzika toka chini ya ukuta kuja mtaroni. Ufa wa juu ya dirisha uliokuwa unapitisha wembe ukaanza kuingiza kidole. Zege likamwagwa hivyo hivyo, likaanza kutitia na kuuvuta ukuta kwa nondo zile zile, boriti za juu zikachomoka kwenye matundu yake. Mafaili tulihamisha usiku chini ya mirunda, na hela ya paa ikaishia kubomoa kitu kipya. Mshauri alishalipwa, simu hapokei, hasira yangu haijaisha!

Jengo jipya lijitegemee. Nguzo zake, msingi wake mbali na ukuta, slab iishie kabla ya kugusa, hiyo nafasi funika na bati mvua isiingie. Ikilazimu kuchimba karibu, chimba vipande vya mita moja moja, jaza kimoja ndo ufungue kingine.

Mafaili yote yakae upande mpya, boriti za sakafu ya zamani hazitaweza. Kwa kanuni za zamani za Uingereza za uzito wa kubebwa na majengo, BS 6399, shelfu za kusukuma zinazotembea kwenye reli zilihesabiwa kama kilo 480 kwa mita ya mraba kwa kila mita ya kimo, wakati sakafu ya nyumba ya kuishi ilikuwa kilo 150 tu kwa mita ya mraba.

Na sio nyumba za kale peke yake. Köln kule Ujerumani, Machi 3, 2009, jengo la nyaraka za mji lilianguka, la mwaka 1971 lile, pembeni wanachimba reli ya chini ya ardhi, wakafa watu wawili.

Ya paa na bei uliyouliza tutaongea baadaye. Fukia kwanza kipande kilichofika kwenye kona, halafu weka picha hapa za pale msingi ulipofunuka.