Vitabu vya Misri ya kale: maswali ya wasomaji

Nimeona kitabu cha Wallis Budge kuhusu Wamisri wa kale kwa bei ya kutupa, kimeandikwa 2015. Ninunue? (Msomaji, Dodoma)

Huo 2015 ni mwaka wa chapa tu. Budge alifariki 1934, na tafsiri yake ya Kitabu cha Wafu, yaani maneno ya sihiri yaliyozikwa na marehemu, ilitoka 1895. Hakimiliki imekwisha, ndiyo maana mchapaji yeyote anaweza kuitoa upya kwa jalada linalong'aa bila kumlipa mtu. Shida ni kwamba sarufi ya Kimisri cha kale imeeleweka vizuri zaidi baada yake, hasa tangu Gardiner alipotoa kitabu chake cha sarufi 1927, na tafsiri nyingi za Budge hazisimami tena. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa hakimiliki utafute mwaka wa toleo la kwanza. Usipouona, kirudishe rafuni. Kwa Kitabu cha Wafu, tafuta tafsiri ya Faulkner.

Wanafunzi wangu wameona video inayodai shaba haiwezi kukata graniti, kwa hiyo kazi ya mawe ya Misri ilifanywa na viumbe kutoka anga. Niwajibu nini? (Mwalimu, Tanga)

Waambie nusu ya kwanza ni kweli: shaba haikati graniti. Kinachokata ni mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs shaba iko kwenye 3 hivi, na kwatzi, madini yaliyomo mchangani, ni 7. Fundi alichukua bomba la shaba lisilo na meno, akalizungusha kwa uta kama keekee ya seremala, huku mchanga ukimiminwa chini yake. Punje hujipachika kwenye ukingo laini wa shaba na kusaga jiwe. Katikati hubaki kiini, ambacho huvunjwa na kutolewa, kisha kazi inaendelea.

Mtafiti Denys Stocks alitengeneza zana hizo akazijaribu kwenye mawe yenyewe, na matokeo yamo katika Experiments in Egyptian Archaeology (2003). Ukipata kitabu kimoja tu cha ufundi wa mawe, kiwe hicho. Anapendelea mchanga mkavu, kwa sababu ukilowa hugeuka tope na kutoka shimoni ni kazi. Utaona pia kwa nini tundu huwa pana zaidi juu kuliko chini: mchanga hausagi kitako peke yake, unakula na kuta. Kiini nacho hutoka chembamba upande wa juu, na ndivyo vilivyo viini vya kale. Shaba pia huliwa, bomba likazidi kufupika.

Msumeno ulikuwa bamba la shaba, nao ulitegemea mchanga vilevile. Petrie, aliyepima piramidi za Giza na kuandika 1883, aliliangalia jeneza la graniti la Khufu, farao wa piramidi kubwa, akakuta mahali ambapo msumeno ulizama mno, mafundi wakauchomoa na kuanza upya, ukazama mno tena, wakauchomoa mara ya pili. Waulize wanafunzi wako kama wageni wa anga wangehangaika hivyo.

Huku ziwani mafunjo ni tele. Naweza kutengeneza karatasi kama ile ya Misri? (Msomaji, Kisumu)

Unaweza, maana mmea ni uleule, Cyperus papyrus. Kata sehemu ya chini ya bua, iliyo nene, na uitumie ikiwa mbichi. Menya ganda la kijani, kisha pasua ule moyo mweupe kwa urefu upate vipande vyenye unene wa milimita 1 hadi 2. Ukali wa kisu ndio kila kitu hapa, kwani vipande vikitofautiana unene, karatasi itakuwa na vilima na mianya. Wengi leo huviloweka siku kadhaa hadi viwe karibu kupenya mwanga. Usizidishe, vitageuka kahawia.

Panga safu ya kwanza juu ya kitambaa, kila kipande kikipanda kidogo juu ya mwenzake. Safu ya pili ipite juu yake kwa kukingama. Funika kwa kitambaa kingine, gonga kwa nyundo ya mti, kisha banisha kati ya mbao mbili kwa mawe mazito. Badilisha vitambaa kila siku hadi ikauke. Ukiacha vilivyolowa, ukungu utaweka madoa meusi yasiyotoka. Usiianike juani, kwa maana upande wa juu hukauka mbele ya wa chini na karatasi hujikunja. Gundi haihitajiki. Mwisho isugue kwa kombe la baharini au jiwe laini.

Wino wao mweusi ulikuwa masizi, gundi ya mgunga na maji. Gundi ikizidi, wino hupasuka na kubanduka. Ikipungua, utafutika kwa kidole. Anza kuandika upande ambao nyuzi zinalala sambamba na mstari wako.

Kila kitabu ni mafarao. Watu wa kawaida wako wapi? (Msomaji, Mombasa)

Wako Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme ng'ambo ya Luxor. Waliandika kila kitu kwenye vigae na vipande vya mawe. Kimoja, sasa kipo British Museum, ni daftari la utoro la mwaka wa 40 wa Ramesses II: tarehe kwa wino mweusi, na juu yake sababu kwa wino mwekundu. Huyu aliumwa na nge, yule alikuwa akipika pombe, mwingine alikuwa akimfunga sanda mama yake. Katika mwaka wa 29 wa Ramesses III posho ya nafaka ilichelewa, nao wakaacha kazi na kwenda kukaa kwenye mahekalu. Habari hiyo imo kwenye gombo lililoko Turin. Soma Village Life in Ancient Egypt cha McDowell (1999), ambacho ni maandishi yao yenyewe yaliyotafsiriwa.

Ukitaka wa zamani zaidi, Tallet na Lehner wameandika The Red Sea Scrolls kuhusu shajara ya Merer, iliyogunduliwa Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mwaka 2013. Merer alisimamia mabaharia waliosafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura hadi Giza zama za Khufu.

Hieroglifu husomwa kutoka upande gani? (Msomaji, Bujumbura)

Tazama wanyama na watu wanaelekea wapi, uanzie huko kunakotazamwa. Ndege wakitazama kulia, soma kutoka kulia. Alama zikipandana, ya juu ndiyo ya kwanza. Kwa kujifunza peke yako anza na How to Read Egyptian Hieroglyphs cha Collier na Manley (1998), ambao wanakupa maandishi halisi ya makumbusho tangu mwanzo. Gardiner mwachie baadaye, ila orodha yake ya alama utaihitaji mapema.