Kabla hujashika kamba: punda wetu wanaobeba watoto, Tabora

Likizo ya Juni imekaribia na tunapokea vijana wapya wa kutusaidia kwenye programu ya watoto. Wengi wenu mmekua mkiwaona punda. Mmewaona wakivuta mikokoteni ya maji mitaa ya Ng'ambo na Isevya, na waliotoka Nzega au Igunga huenda wanao nyumbani, zizini pamoja na ng'ombe. Uzoefu huo utawafaa. Ila punda wa mkokoteni anadaiwa kazi tu, na huyu wa kwetu anapandwa na mtoto wa miaka sita huku mama yake amesimama chini ya mwembe, roho mkononi, habandui macho. Kwa hiyo kabla ya habari za tandiko na mikanda, nataka muwajue wanyama wenyewe, mmoja mmoja.

Kuna jambo moja ningependa likukae kichwani kuliko mengine yote: punda aliyetulia ndiye wa kuangaliwa zaidi. Kila mgeni akifika humwogopa yule anayelia kwa sauti, anayegeukageuka na kuvuta kamba, halafu humkimbilia yule aliyeinamisha kichwa kimya. Anasema huyu ndiye mpole, mtoto apande huyu. Punda ni mnyama anayeficha maumivu. Asili yake ni huku huku Afrika, kaskazini-mashariki, nchi kavu yenye mawe, na kule mnyama aliyeonyesha udhaifu aliliwa. Tabia hiyo hajaiacha hata baada ya kufugwa kwa zaidi ya miaka 6,000. Kwato ikimuuma au tumbo likimsokota, mara nyingi hapigi kelele. Anapunguza kula, anajitenga kidogo na wenzake, masikio yanalegea pembeni. Usiyemjua utauona huo ni upole, utamfunga tandiko, utampandisha mtoto, na mnyama anaumwa.

Ndiyo maana asubuhi, kabla watoto hawajafika, kazi ya kwanza ni kuwapa majani na kusimama kuwatazama wanavyokula. Kusimama kweli, simu mfukoni. Nani kaja mbio, nani kachelewa, nani kanusa akaacha. Punda asipokula, usijiambie labda kashiba jana. Akikaa bila kula mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu kupita kiasi, ini linaelemewa, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Niite hata kama ni usiku, nami nitamwita daktari wa mifugo.

Wazazi watawauliza, mbona mnatumia punda na si farasi kama tunavyoona kwenye televisheni? Jibuni vizuri, ni swali la haki. Mkoa wetu una misitu ya miombo, na miombo ina mbung'o. Ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o huwaua farasi upesi. Henry Morton Stanley alipoanza safari yake kutoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa mwanzoni kabisa mwa safari, kabla ya kuiona Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora. Punda naye anaugua, msidanganyike, lakini anastahimili zaidi. Tunawakagua, tunawaogesha dawa, tunapima damu pale daktari anaposema. Mimi binafsi hata ningepewa farasi leo, kwa watoto wadogo ningebaki na punda, na sababu ni jinsi kila mmoja wao anavyopokea hofu.

Farasi akishtuka hukimbia. Punda akishtuka husimama. Anagandisha miguu yote minne, anainua kichwa, anaelekeza masikio kwenye kile kilichomtisha, anafikiri. Kwa mtoto aliye mgongoni hiyo ni salama kuu, maana hakuna mbio za kumwangusha. Lakini hapo hapo ndipo wageni wengi huharibu. Watu wamezoea kuita hali hiyo ukaidi. Wanavuta kamba kwa nguvu, wanamsukuma kutoka nyuma, mwingine anatafuta fimbo. Fimbo kwetu haipo, na nisimwone mtu ameiokota.

Fanya hivi. Legeza kamba. Simama ubavuni, usawa wa bega lake, tazama masikio yameelekea wapi, nawe utazame huko huko. Mara nyingi utakikuta kitu chenyewe: kiroba kilichonasa kwenye uzio, bodaboda inayounguruma barabarani, maji yaliyotuama njiani. Maji ndiyo yanayowashangaza watu zaidi. Dimbwi dogo la kurukwa na mtoto, punda mzima kagoma. Yeye haoni kina chake. Mpe nafasi anuse, mwache akanyage ukingo kwa kwato moja, au mpitishe mwenzake kwanza. Wakati huo zungumza na mtoto kwa sauti ya kawaida, mwambie: "Anaangalia njia, tumsubiri." Watoto wanalielewa hilo haraka kuliko watu wazima. Nimemsikia msichana mdogo akimtetea punda wake kwa baba aliyekuwa anahimiza kutoka pembeni: "Baba subiri, bado anafikiri."

Sasa wanyama wenyewe. Majina walipewa na watoto, isipokuwa wale waliokuja nayo.

Sikujua ndiye kiongozi. Ni jike, si mkubwa kwa umbo, ana mstari mweusi wa msalaba mabegani uliokolea kuliko wa wengine. Anapokwenda yeye, wengine wanafuata. Akisimama, msafara wote umesimama. Siku zote anatangulia. Ukimweka katikati atajaribu kupita, na wa mbele yake atapata meno ya makalio. Kila mgeni humjaribu langoni: anasimama pale, anageuza shingo, anakutazama. Anataka kujua kama unajua unakokwenda. Ukianza kumbembeleza sana au kumvuta, kesho atasimama tena. Tazama mbele, piga hatua, kamba iwe imelegea, naye atakuja. Mpandishie mtoto anayejiamini, anayependa kuongoza wenzake.

Kabula na Pili msiwatenganishe. Sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma tu. Punda hufunga urafiki na mmoja, na urafiki huo ni wa miaka. Ukimwondoa mmoja, anayebaki analia, anazunguka uzio, anaacha kula, na nimeshawaambia kuacha kula kunaleta nini. Pili alipopelekwa kutibiwa jicho, Kabula naye alikwenda, akafungwa nje ya chumba cha matibabu, akawa anachungulia dirishani. Kwenye matembezi wapange wafuatane. Ni wazuri kwa ndugu wawili, au kwa marafiki waliokuja pamoja na mmoja wao anaogopa. Pili anashtuka upesi upande wa lile jicho, kwa hiyo anayemwongoza akae kulia kwake na aseme neno kabla ya kumgusa.

Mashaka alitoka kwenye mkokoteni. Ana makovu mabegani na nywele zimeota nyeupe pale nira ilipomchubua. Mkono ukiinuliwa ghafla karibu na kichwa chake, anafumba macho na kukaza shingo. Hapigi teke, hang'ati, anangoja kupigwa. Ukilitazama hilo kwa mara ya kwanza litakuumiza, na liache likuumize. Usimwendee usoni. Punda anaona karibu pande zote, ila kuna sehemu mbili haoni: nyuma yake kabisa, na mbele ya paji la uso, karibu sana. Mwendee kutoka upande wa bega, weka kiganja pale, kipeleke taratibu kuelekea shingoni. Wafundishe watoto hivyo hivyo kabla hawajamkaribia, na wasivae kofia zao wakiwa wamesimama karibu yake. Kofia wavae kwanza wakiwa mbali, maana mikono inayoinuka kuvaa kofia ndiyo inayomtisha. Ukizingatia hayo utakuwa na mnyama mwenye hatua laini kuliko wote. Yeye ndiye tunayempa mtoto asiyeweza kukaa wima vizuri, huku watu wawili wakimshikilia mtoto pande zote mbili.

Mzee ana umri ambao hakuna anayeujua kwa hakika. Meno yanasema amepita miaka ishirini, na punda akitunzwa anafika hata thelathini. Huyu ndiye ninayemfikiria kila ninaposema muangalieni aliyetulia. Anasimama kama nguzo. Watoto wanamkumbatia, wanamsuka mkia, wanamnong'oneza mambo masikioni. Kwa sababu hiyo kila mtu anataka kumtumia, na kwa sababu hiyo hiyo ndiye anayechoshwa kirahisi. Magoti yake yana baridi yabisi. Mtazame akiwa amesimama: akianza kuhamishahamisha uzito kutoka mguu mmoja wa mbele kwenda mwingine, kazi yake kwa siku hiyo imekwisha, hata kama foleni ya watoto bado ndefu. Hapandwi tena siku hizi. Anapigwa burashi, anaongozwa kwa kamba, anakuwa mwalimu wa waoga. Kulikuwa na mvulana aliyekataa kumkaribia punda yeyote. Tulimpa burashi tu na kiti cha kukalia, karibu na Mzee, bila kumhimiza. Siku ya kwanza alipiga burashi hewani. Ilipofika mwisho wa wiki alikuwa anainua kwato mwenyewe na kuchokonoa mawe, akituambia sisi tusimame mbali.

Kijana ni maksai mdogo, bado anajifunza. Anapekua mifuko ya suruali, anapenda maganda ya embe, anang'ata mikono ya mashati. Hana ubaya, lakini habebi mtoto mpaka nitakaposema. Msimpe chakula kutoka mkononi hata akiwatazama vipi. Ndiko kung'ata kunakoanzia.

Kuhusu nani apande: tunapima kwa mizani. Umri haupimi kitu, kuna watoto wa miaka saba wenye kilo za miaka kumi. Kanuni tunayoifuata ni kwamba mzigo wote, tandiko likiwemo, usizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama. Punda wetu wa huku ni wadogo. Mwenye kilo 140 mwisho wake ni kilo 28. Mtoto aliyezidi msimtangazie mbele za watu kuwa ni mzito. Mpeni kamba, awe kiongozi wa Sikujua. Hiyo kazi watoto wanaigombania, kwa hiyo hakuna atakayejisikia amenyimwa. Mzazi akisema "mara moja tu, hata picha," mjibu kwa heshima, "hapana mama, samahani, huyu hamuwezi." Akikasirika mleteni kwangu. Ule msemo wa punda afe mzigo ufike hauna nafasi hapa.

Masikio mtayasoma kadiri mnavyozoea. Yote mawili mbele, ana jambo analolitazama. Moja limegeukia nyuma, anakusikiliza. Yamelala kabisa shingoni, rudi nyuma na umrudishe mtoto pia. Mkia unaochapa na nzi hawapo, kagua mkanda wa tumbo, huenda umebana ngozi.

Wale mtakaoendelea hadi likizo ya Desemba mjue kazi inabadilika. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, mvua inapenya hadi kwenye ngozi, na mvua za Desemba hapa Tabora mnazijua. Wakiloa wanapata ubaridi, na kwato zikikaa kwenye tope zinaoza. Mawingu yakijikusanya, punda wanaingia bandani kwanza, halafu ndiyo tunahamisha viti na maturubai. Pia majani mabichi yanakuwa mengi, nao wanakula bila kiasi. Mwili wa punda umezoea chakula kikavu, mabua ya mahindi na nyasi zilizokauka. Majani mororo mengi, au pumba inayoletwa na majirani kwa nia njema, humletea ugonjwa wa kwato unaoweza kumfanya asitembee tena. Mkipewa pumba, pokeeni, shukuruni, mniletee mimi.

Jumatatu mje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na viatu vilivyofunika vidole. Siku mbili za kwanza hamtaongoza mtoto. Mtazoa samadi, mtajaza maji kwenye mabeseni, na hayo mabeseni yasuguliwe kwanza, kwa sababu punda akiona maji machafu anaacha kunywa hata akiwa na kiu. Jumatano asubuhi nitamwita kila mmoja wenu pembeni na kumuuliza nani hakula vizuri jana yake na kwa nini anadhani hivyo. Atakayenijibu vizuri ataanza na Kabula na Pili.